Nani Aliyelala? Tarehe Fupi ya Kitenzi "Kuamka" Baina ya Unguja na Kitangari

Katika visa vya asili ya Wamakonde kimo kimoja kinachoanza na kiumbe aliyeishi peke yake porini, hajui kuoga wala kunyoa, hata hajawa mtu kamili. Siku moja alichukua gogo akalichonga akalipa sura ya binadamu, akalisimamisha karibu na makazi yake, kisha akalala. Usiku ule gogo likapata uhai, na kulipokucha palikuwa na mwanamke. Wakateremka wote wawili mpaka Mto Ruvuma, wakaoga. Mwanamke akazaa, mtoto akafa. Wakahama wakaenda bonde la Mbwemkuru, akazaa tena, na mtoto wa pili akafa. Ndipo wakapanda juu, kwenye vichaka vya Mahuta, na huko mtoto wa tatu akazaliwa akaishi. Kutokana na hayo wazee wakaacha wasia: watu wasijenge mabondeni wala kando ya mito mikubwa, kwani huko ndiko yaliko maradhi na mauti, nyumba ziwe mbali na maji kwa mwendo usiopungua saa moja. Na maiti wao wakawa wanazikwa wima, kwa kumkumbuka mama wa kabila aliyechongwa mtini, akaamka akiwa amesimama.

Kisa hicho kimehifadhiwa katika kitabu cha Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig, aliyefika kusini mwa Tanganyika mwaka 1906 akakaa Masasi, Newala na Mahuta. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908, na mwaka 1909 kikatoka kwa Kiingereza kwa kalamu ya Alice Werner, bibi yule yule ambaye baadaye alikuwa profesa wa Kiswahili mjini London na mmoja wa wachambuzi wa mwanzo wa tenzi za pwani. Pahala pa yule mama wa mti kuingiwa na uhai, Kiingereza kimeweka kitenzi cha kuamka: "awoke". Ni neno dogo, na msomaji aweza kulipita bila ya kugeuka nyuma. Lakini neno hilo lina nasaba ndefu, na katika nchi ile ya Newala, Masasi na Kitangari limetumiwa na wengi kwa makusudio mbalimbali, mengine si ya kheri.

Kwanza itazamwe nasaba yake. Kiingereza kina vitenzi vinne vya ukoo mmoja, "wake", "waken", "awake" na "awaken", na hakuna Mwingereza awezaye kueleza kwa neno moja tafauti zake. Kiingereza cha kale kilikuwa na utaratibu ulio bora zaidi: "wacan" ni kuamka mwenyewe, "wacian" ni kuwa macho au kukesha, na "weccan" ni kumwamsha mwingine. Karne zilivyopita, ndugu hawa waliingia katika nyumba moja wakavaliana nguo. Leo "wake" ni ya mwenye kuamka na ni ya mwenye kuamsha pia. Wakati uliopita una "woke" na "waked", una "awoke" na "awakened", na mwalimu mtarajiwa katika chuo cha ualimu cha Kitangari hana budi kuzikariri zote, kwani hakuna kanuni itakayomwokoa.

Kiswahili kimebaki na kile ambacho Kiingereza kimekipoteza. Kwa kubadilisha sauti moja tu, mlalaji hutengwa na mwamshaji: huyu ameamka, yule ameamsha. Ongeza kiambishi na utajua kuwa ameamshwa. Mtu hawezi kusema kwa Kiswahili kwamba fulani yu macho kwa juhudi zake ilhali mwingine ndiye aliyemtikisa. Sarufi yenyewe itamsuta. Basi yule mama wa Mahuta, kwa Kiswahili, aliamka. Hakuamshwa. Mchongaji wake alikuwa amelala.

Watu waliokuja kuamsha walifika baadaye, na njia yao ilipitia Unguja. Askofu Edward Steere alikuwa amekwisha kutoa kitabu chake cha lugha ya Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na mwaka 1876 akachapisha kijitabu cha maneno ya Kimakonde. Mwaka huo huo aliongoza kundi la watu waliotoka utumwani, akavuka nao bahari mpaka Lindi na kupanda nao bara hadi Masasi, ambapo wengi wao walikata shauri kwamba wamefika. Mwaka 1878 misheni ikaingia Newala. Chauncy Maples, mmoja wa mapadri wa kwanza huko, alikusanya maneno ya Kimakua, na kitabu chake kikatoka mwaka 1879. Kwa hivyo lugha za uwandani zilipata kupigwa chapa katika zama zile zile Kiswahili cha Unguja kilipokuwa kinapandishwa huko kiwe lugha ya sala na ya shule.

Kazi kubwa ya watu hao ilikuwa ni kutafsiri Injili, na hapo ndipo kitenzi cha kuamka kilipowataabisha. Kiyunani cha Agano Jipya kinatumia neno moja kwa aamkaye usingizini na kwa afufukaye kaburini. Na kina jingine kwa asiyelala, mwenye kungoja. Kiingereza kimeligawa jambo hilo vipande vipande. Kiswahili kilikuwa na vyumba vitatu vilivyo tayari: kuamka, kufufuka, na kukesha. Hili la mwisho ndilo lililo karibu na "watch" ya Kiingereza, ambayo nayo ni ndugu wa "wake". Na si hilo tu. Waingereza, na Waairishi khasa, wana "wake" nyingine, nayo ni usiku wa kukaa na maiti. Anayewasikia kwa mara ya kwanza hudhani ati maiti ndiye atakayeamka. La, wanaokuwa macho ni wafiwa. Mswahili aliyepata kukesha matangani hahitaji kufasiriwa zaidi.

Kengele ya misheni ikawa inalia Masasi na Newala. Mwaka 1882 Wangoni waliivamia Masasi, na mwaka 1905, katika vita vya Maji Maji, kituo hicho kikachomwa. Kengele ikarudishwa kila mara. Baada ya vita hivyo, Uislamu nao ukaenea kwa haraka katika vijiji vya uwandani, ukichukuliwa na waalimu ambao wengi wao walikuwa wenyeji wa huko huko, na adhana ikaanza kusikika pahala ambapo hapo kabla ilisikika ngoma tu. Adhana ya alfajiri ina nyongeza ambayo nyingine nne hazina: inamkumbusha mlalaji kwamba sala ni bora kuliko usingizi. Kwa hivyo kufika miaka ya mwanzo ya karne ya ishirini, mtu wa Newala alikuwa na waamshaji wawili, na kila mmoja akiamini kwamba amewakuta watu usingizini.

Ingefaa waamshaji hao waulize ni nani aliyepita njiani kabla yao.

Uwanda wa Makonde umeinuka upande wa magharibi, penye Newala, kiasi cha mita 900 juu ya bahari, kisha ukateremka taratibu kuelekea mashariki. Udongo wake ni wa mchanga, na mvua inyeshayo huzama chini. Juu hakuna mto, na chemchemi hutokeza chini kwenye kingo. Wasia wa wazee wa Mahuta ulikuwa na hekima ya afya, lakini ulikuwa na gharama, na gharama hiyo ilibebwa kichwani na wanawake. Weule mwenyewe alishangazwa na safari hizo za kuteremka na kupanda kwa ajili ya mtungi mmoja. Ateremkaye kwenda kuteka hawezi kungoja jua. Maji ya kisima kilichochimbwa kwa mkono hujikusanya usiku, na awahiye ndiye ayapataye yakiwa safi. Akichelewa atakuta tope na safu ndefu ya watu, na kupanda kilima na mzigo wa maji wakati wa jua kali ni adhabu. Basi mwanamke aliamka saa nane, saa tisa za usiku, akabeba mtoto mgongoni na mtungi kichwani.

Kwa kitendo hicho Kiswahili kina maneno ambayo Kiingereza hakina hata moja la kuyalingana. Kuna kurauka, kuna kudamka, kuna kujihimu. Na wazee wa pwani hupima saa hizo kwa majogoo ya kwanza na majogoo ya pili. Kiingereza hulazimika kusema "kuamka mapema", maneno mawili, kana kwamba mapema ni kitu cha kuongezewa. Kwa Mswahili aliyedamka, uasubuhi umo ndani ya kitenzi.

Kutoka katika kuamka kumezaliwa pia kuamkia. Jambo hili limezoeleka mno hata halitazamwi. Mtoto wa Unguja au wa Lamu hutumwa asubuhi akamwamkie babu yake. Huenda akatoa shikamoo, akapokea marahaba, akaulizwa kaamkaje. Kitenzi ni kile kile cha kutoka usingizini, kimeongezewa alama ya kumwendea mtu, kana kwamba kuamka hakujatimia mpaka umpelekee mwenzio. Hata mgonjwa huulizwa hivyo, naye hujibu kwamba leo kaamka vyema. Nyumba yaweza kuamka na furaha, yaweza kuamka na msiba. Kusini ya Ruvuma na kandokando ya Ziwa Nyasa, wasemao Kinyanja husalimiana asubuhi kwa "mwadzuka bwanji", yaani mmeamkaje. Kiingereza hakina njia hii. Mwingereza hutakia asubuhi iwe njema, akaacha suala la kuamka liwe siri ya mwenyewe na kitanda chake. Kwenye njia za kuteremkia majini, gizani, pahala ambapo sura haionekani, kuamkiana kulikuwa na faida nyingine tena: humjulisha mtu kwamba ajaye mbele yake ni binadamu.

Wapenzi wa tungo watakuwa wamekwisha kumkumbuka Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate. Mwaka 1939 William Hichens alipotoa chapa yake ya Al-Inkishafi, aliongezea jina la Kiingereza linalosema kuwa huku ni kuamka kwa roho. Neno la Kiarabu halisemi hivyo. Inkishafi ni kufunuka, kama pazia liondokavyo au wingu litandukavyo. Hichens alifanya uhuru mkubwa, na wapo waliomlaumu. Lakini ukiutazama mwendo wa utenzi huo, utaona kwamba hakukosea sana, kwa sababu moja: mshairi hamwamshi mtu. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Majumba ya Pate yaliyobomoka, taa zilizozimika, mabibi na mabwana waliolala makaburini, vyote hivyo anauonyesha moyo wake, si wa jirani. Asomaye husikia maneno ambayo hakuambiwa yeye, na ndiyo maana yanamwingia.

Kuamka kwa namna nyingine kumo katika tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Julius Nyerere, ikatoka mwaka 1963, na kutoka tena kwa masahihisho mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Katika sehemu ya pili ya mchezo huo Brutus anasoma barua iliyotupwa nyumbani kwake usiku. Barua haina jina la mwandishi. Inamwambia kuwa amelala, na inamwamuru aamke. Mtazamaji anajua kwamba aliyeitunga ni Cassius, mwenye hesabu zake, na kwamba Brutus kwa kweli hajapata usingizi kwa siku nyingi. Aliye macho anaambiwa amelala, na anaamini! Ni ajabu kwamba kiongozi wa nchi changa, mwenye shughuli zisizohesabika, alichagua kuihamishia kwenye Kiswahili tamthilia ambayo ndani yake amri ya kuamka ni mtego, na inaishia kwa damu ya mtawala.

Na wakati huo wito wa kuamka ulikuwa umeenea kote. Hapa Unguja gazeti la Jumuiya ya Waarabu lililoanzishwa mwaka 1929 lilikuwa limejiita Al-Falaq, mapambazuko. TANU ilizaliwa mwaka 1954, Afro-Shirazi mwaka 1957, na majukwaani watu waliitwa waamke. Kutokana na wito huo kulikuja kukazika jina jipya, mwamko: mwamko wa kisiasa, mwamko wa wanawake, mwamko wa elimu. Halina kosa kwa umbo lake. Ila katika kusafiri kutoka jukwaani kwenda afisini, neno lilipinduka. Mwanzoni lilikuwa ni tendo la watu wenyewe. Baadaye likawa ni kitu wanachopimwa nacho, na kuonekana wamepungukiwa. Mikoa ya Lindi na Mtwara imelisikia sana. Shule ikifeli, husemwa wazazi hawana mwamko. Watoto wakikosa darasa wakati wa korosho, mwamko ni mdogo. Mwanamke aliyeamka saa nane usiku kufuata maji, akarejea saa tatu asubuhi, akaenda shamba, huketi mkutanoni mchana akaambiwa na mgeni aliyeamka saa moja kwamba kijiji chake hakijaamka.

Hoja hiyo haisimami hata kwa tarehe. Serikali ilipoazimia, mwishoni mwa mwaka 1970, kuondoa ujinga wa kutojua kusoma katika wilaya sita kwa mwaka mmoja, Masasi ilikuwa mojawapo, pamoja na Mafia na Ukerewe. Watu wazima walikaa madarasani baada ya kazi za shamba. Na Masasi hiyo hiyo, katika kijiji cha Lupaso, ndipo alipozaliwa mwaka 1938 Benjamin Mkapa, aliyekwenda kusoma Kiingereza Makerere na akawa Rais wa tatu wa nchi. Kilichokosekana kusini kwa miaka mingi kilikuwa ni barabara, daraja na bomba. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003.

Mpinduko wa namna hiyo haukuwapata Waswahili peke yao. Watu Weusi wa Marekani walilichukua umbo la "woke", ambalo sarufi ya shule ingelikataa, wakalifanya sifa ya mwenye kuyaona mambo. Mwimbaji Lead Belly alilitumia mwaka 1938 kuwaonya ndugu zake wawe macho wapitapo Alabama, pahala ambapo vijana weusi walikuwa wamehukumiwa kwa dhulma. Mwaka 1962 mwandishi William Melvin Kelley alilieleza katika gazeti la New York Times. Lilikuwa neno la hadhari, la watu wanaojuliana hali. Miaka hamsini baadaye lilipofika midomoni mwa kila mtu, halikukawia kugeuzwa tusi, na walioligeuza si wale waliolibuni.

Kuna ndugu mwingine wa kuamsha ambaye hana budi kutajwa, naye ni kuzindua. Kuzinduka ni kuamka ghafla, kama mtu aliyeshtuka au aliyekuwa amezimia. Umbo lake laonyesha kuwa kuzindua ni kinyume cha kuzindika, kama kufunua kulivyo kinyume cha kufunika: kuzindika ni kukiweka kitu chini ya kinga ya uganga, na kuzindua ni kukitoa humo. Leo kitenzi hicho kimepata cheo. Huzinduliwa kitabu, huzinduliwa kampeni, huzinduliwa mradi. Utepe hukatwa, mgeni rasmi hupigiwa makofi. Mzindua ndiye aonekanaye, na kinachozinduliwa huwa kimya. Ukilifuata neno kwa maana yake ya asili, mradi huwa umeamshwa usingizini, na hakuna awezaye kumzuia aliyeamshwa asilale tena.

Mradi wa maji wa Makonde ni mfano mzuri. Wasia wa Mahuta uliwakataza watu kukaa bondeni. Katika miaka ya 1950 ikafikiriwa kwamba maji yenyewe yapandishwe juu yawafuate. Likaundwa shirika la maji la Makonde, na mashine zikawekwa. Chanzo kikuu ni Mitema, katika bonde la Kitangari, ambako maji huvutwa kutoka ardhini na kusukumwa kupanda uwandani. Kwa hivyo Kitangari, pahala pa chini ambapo wahenga wa kisa hicho wangelipaogopa, pamekuwa ndipo pa kutegemewa na walioko juu. Katika miaka ya 1970 Wafini walikuja kusaidia kupanga na kujenga maji ya vijijini katika Mtwara na Lindi. Mitambo imechakaa, imetengenezwa, imechakaa tena. Mafuta yalikwisha, pampu ziliharibika, mabomba yalipasuka, na kila baada ya muda kukawa na fedha mpya na sherehe mpya.

Mtu akitaka kujua hali ya mradi huo katika mwaka wowote hahitaji kufungua faili. Na aulize wanawake wa uwandani mwaka ule walikuwa wakiamka saa ngapi. Mashine ya bondeni ikifanya kazi, usingizi hurefuka huko juu. Ikisimama, madumu, ambayo yamechukua nafasi ya mitungi, hurudi kichwani na njia za kuteremkia huanza tena kusikika watu wakiamkiana gizani. Kisa cha Mahuta kinasema mama yule aliamka akiwa amesimama, na kwamba wazee waliamuru nyumba ziwe mbali na maji kwa mwendo wa saa moja. Hakisemi ni nani aliyekwenda kuteka asubuhi ile ya kwanza.